Kabureta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Mashine imekamilika! Saa tano kasorobo asubuhi, bila shahidi yeyote isipokuwa mimi. Mashine ya kuoshea vipuri, ya kwanza katika mtaa huu, imesimama ndani ya stoo yangu. Nimeiunda kwa mikono hii miwili. Juu sinki la chuma kisichoshika kutu. Chini ndoo kubwa ya plastiki. Katikati pampu niliyoichomoa kwenye mashine mbovu ya kufulia, na kipande cha mpira wa kumwagilia maua. Unawasha, dawa inapanda, inakimwagikia kipuri, inarudi kwenye ndoo, inapanda tena. Wewe umekunja mikono, unatazama.

Mke wangu alikuja kuangalia. Akauliza kama lile si sinki lake. Nikamwambia ni sinki la nyumba. Akasema alilinunua mwaka juzi nimfungie jikoni, na mwaka juzi niliahidi kulifunga wiki inayofuata. Nikamweleza kwamba liko njiani kwenda jikoni, limepita stoo kupumzika tu. Akarudi jikoni akaufunga mlango kwa nguvu. Kishindo hicho nakijua, si cha kheri.

Sasa jambo lenyewe. Baba mkwe ameniletea kabureta ya pikipiki yake. Mzee alikuwa mpima ardhi, miaka thelathini juu ya pikipiki hiyohiyo. Jumamosi wapima wenzake wastaafu wanakutana. Wote wataletwa na magari ya watoto wao. Yeye ameapa kufika kwa pikipiki, usukani ameushika mwenyewe. Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea kumpeleka kwa gari lake. Mzee akamwambia kuliko kushushwa mlangoni kama gunia, afadhali asiende kabisa. Ila pikipiki inakohoa na kuzimika, maana kabureta imeziba kwa uchafu.

Angeweza kuipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ninayemwita Mswaki kwa sababu kila kitu anakisugua kwa mswaki wa meno ndani ya beseni. Hakuipeleka kwake. Ameileta kwangu! Aliniwekea mkononi kwa mikono miwili, akasema hiyo ndiyo roho ya pikipiki. Niliinamisha macho, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe, nikamwambia, "Baba, usiwe na wasiwasi wowote."

Mzee ana mazoea ya kazi yake ya zamani. Kila kitu chake kina alama: jembe, kiti, hata mpini wa mwavuli. Kwenye kabureta amegonga nukta nne, zimekaa kama pembe nne za kiwanja. Utadhani kuna mtu duniani wa kumwibia kabureta!

Kilichobaki ni dawa ya kuoshea. Dukani wana kopo la bati lenye dawa maalumu ya kuondolea grisi. Nilipotajiwa bei nilimuuliza muuzaji kama bati lenyewe ni la fedha. Hakucheka. Basi! Nitaipata dawa yangu mwenyewe, rahisi, tena itaishinda yake.

Angalizo: shajara hii naandika kwenda mbele tu. Sitarudi nyuma kuisoma. Mtu anayesoma alichoandika jana hajiamini leo.

Jumanne, 10 Juni

Mafuta ya taa. Petroli nimekatazwa. Stoo na jiko vinachangia ukuta mmoja, na mke wangu alishasema siku petroli itakapoingia, yeye atatoka. Hapo sikubishana. Mke ni mmoja.

Nilianza na bolti kuukuu na mnyororo wa baiskeli, kabureta nikaiacha rafuni. Mimi si mtu wa pupa. Nikawasha pampu. Grisi ilitoka yenyewe, ikateremka sinki zima. Nusura nicheze!

Saa sita mchana chai ilinuka taa. Saa saba mkate. Saa nane mke wangu alitoa nguo zote kabatini akazianika uani, kisha akaja mlangoni na hukumu: mafuta ya taa au yeye, nichague. Nilichelewa kidogo kujibu kwa kuwa nilikuwa natafuta maneno mazuri. Akadhani nachagua kweli. Tumepatana jioni, lakini mafuta yamerudi kwenye dumu na dumu limefukuzwa hadi nyuma ya choo.

Mswaki alivuka barabara kuniuliza kama nimefungua kituo cha mafuta. Wale watu wanaoshinda kwenye benchi la karakana yake, wasio na kazi wala haya, walicheka hadi wakashikana mabega. Akaongeza kwamba kabureta ya Mzee yeye angeimaliza kwa nusu saa, beseni na mswaki, yamekwisha. Nikamjibu kwamba dunia inasonga mbele na yeye abaki akiisugua meno. Watu wa benchi wakacheka tena, safari hii sijui walimcheka nani.

Jumatano, 11 Juni

Thina! Nilishangaa kwa nini sikuifikiria tangu mwanzo. Ikiwa inaondoa rangi ya mafuta iliyokauka miaka kumi, grisi ni nani mbele yake? Muuza rangi alitaka kunishauri kitu. Nikamwambia nina haraka.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Bolti zilitakata kabla sijamaliza kukunja mikono. Kisha mpira ukaanza kulegea, ukainama, ukalala. Kisha pampu ikabadilisha sauti. Kisha kitako cha ndoo ya plastiki kikaamua kuachana na ndoo. Thina yote chini! Sakafu ya stoo niliipaka rangi nyekundu mwaka jana, kumfurahisha mke wangu. Sasa katikati pana duara kubwa la kijivu.

Alikuja, akatazama duara, akauliza ni nini. Nikamwambia najaribu rangi mpya. Akasema ile si rangi, ile ni saruji. Nikamwambia ndiyo, rangi ya saruji, ndiyo inayopendwa siku hizi. Akashika kiuno.

Iandikwe hapa kwamba kabureta haikuguswa hata na tone. Ilikuwa rafuni, imefungwa kwa kitambaa. Huo ndio uangalifu wangu, na hakuna anayeusifu.

Jioni Mzee alipiga simu. Akauliza kabureta inaendeleaje. Nikasema inapumzika. Akauliza kama kabureta nazo hupumzika. Nikamwambia, ndiyo Baba, ni hatua mojawapo. Akanishukuru. Akasema shati la Jumamosi ameshalipiga pasi. Kusema kweli niliumia. Leo ni Jumatano na shati limeshapigwa pasi, linaning'inia mahali linamngoja mwenyewe.

Nimepata mpira mpya, na ndoo ya bati badala ya ile ya plastiki. Pampu ni nzima, inanguruma kwa hasira tu. Kesho lazima.

Jumamosi haiko mbali. Lakini na mimi siko mbali.

Alhamisi, 12 Juni, asubuhi

Nimeipata! Kostiki!

Kwenye kona yetu yupo mama anayepika sabuni za kufulia. Nilimkuta akikoroga pipa. Nikamuuliza anatumia nini kulainisha mafuta yake, akanionyesha vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Vinakula mafuta yote na kuyageuza sabuni. Havinuki. Bei yake, bati la fedha la yule muuzaji liende likalale! Nikamwambia anipimie mfuko mzima.

Mama Sabuni ana maneno mengi. Akaniambia nivae glavu. Akaniambia nitie kostiki kwenye maji, nisije nikatia maji kwenye kostiki. Nikaitikia yote. Halafu akanionya kwa kidole nisiiweke kamwe kwenye sufuria, maana yeye iliwahi kumlia sufuria kubwa ya shughuli, ikabaki mishikio. Nikamwambia, "Mama, mimi sipiki. Naosha kabureta." Akasema kabureta haijui, yeye anajua sufuria. Nikamwambia basi kila mtu na fani yake, tukaagana vizuri.

Mchana

Glavu nimevaa. Kostiki nimetia kwenye maji, si kinyume. Mimi husikiliza wataalamu. Safari hii sikuanza na bolti. Nimeshajaribu bolti siku mbili na zote zimekuwa safi kuliko sahani za nyumba hii. Nikaziba tundu la sinki na kuilaza kabureta ndani, maji yakaifunika.

Mapovu! Yanapanda yakipiga kelele, uchafu unatoka mweusi, maji yamegeuka kama ya kuoshea mkaa. Sijawahi kuona dawa yenye bidii namna hii. Nimeiacha ifanye kazi. Nikala, nikalala kidogo. Mtu aliyeunda mashine ana haki ya kulala wakati mashine inafanya kazi.

Saa kumi jioni

Sijui nianzie wapi.

Sinki ni zima. Jeti za shaba, vile vibomba vidogo vya petroli vya ndani, ni nzima, zinang'aa utadhani hereni. Kwa hiyo dawa ni nzuri, hilo halina ubishi. Aliyeshindwa ni kabureta. Imekuwa ya kijivu, nyembamba, ina matundu. Ukilitazama bakuli lake la chini unaona upande wa pili. Nilipoishika ilivunjika kama biskuti iliyolowa. Pale Mzee alipogonga alama zake hapana alama, na mahali penyewe hapapo.

Niliketi juu ya ndoo. Nilikaa sana. Niliogopa, niandike tu, nani ataona? Ukimkosea baba yako mzazi mtapigiana kelele na kesho yamekwisha. Baba mkwe hakupigii kelele. Atakuambia hamna neno, na hiyo hamna neno yake utazeeka nayo. Tena si hilo tu. Lile shati.

Roho ya pikipiki nimeifunga ndani ya soksi nikaificha chini ya magazeti. Wakati wa chakula mke wangu aliuliza kabureta ya baba yake imefikia wapi. Nikamwambia uchafu umepungua sana. Hakuna uongo hapo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimezunguka maduka ya vipuri tangu yalipofunguliwa. Wa kwanza alisema pikipiki za aina hiyo zilikwisha kabla hajazaliwa. Wa pili alimwita mwenzake aje asikie ninachotafuta. Wa tatu, mtu wa heshima, aliniambia yupo mmoja tu anayeweka vikorokoro vya zamani. Akanielekeza. Barabara fulani, karibu na kona ya mama anayepika sabuni. Barabara yangu! Mswaki!

Nilipita mbele ya karakana yake mara mbili nikijifanya natafuta mbuzi. Mara ya tatu nikapiga moyo konde nikaingia.

Alikuwa nayo. Aliichomoa kwenye gunia, pacha wa ile ya Mzee kabisa, ila imejaa matope na mafuta yaliyoganda. Nikatoa pesa. Akazikataa. Nikaongeza. Akazikataa. Akasema pesa yangu haitaki, anataka kitu kimoja: niketi kwenye kigoda chake, mbele ya benchi, niioshe mwenyewe. Beseni. Petroli. Mswaki.

Ninaijua hadhi yangu. Nilitaka kuondoka. Kisha nikaliona tena lile shati.

Nikaketi. Watu wa benchi walisogea mbele, mmoja akahamisha kiti ili aone vizuri. Nilisugua. Mswaki alisimama nyuma yangu akinielekeza: hapo kwenye kona, geuza, hapo bado, taratibu kijana. Kijana! Tumelingana mvi. Dakika ishirini. Mtu mmoja wa benchi alisema nina kipaji.

Ilitoka safi. Nakiri kwamba ilitoka safi, na sikiri zaidi ya hapo. Usafi wenyewe ulitokana na mkono wangu, si na mswaki wa mtu. Na hiyo ya kwanza ingetoka safi vilevile kwa mashine kama ingetengenezwa kwa madini yenye heshima.

Kilichoniudhi zaidi ni mwisho. Nilipokuwa naondoka Mswaki alinifuata hadi barabarani, wenzake wasisikie, akaniambia nisihofu, Mzee hatajua kutoka kwake. Bora angecheka.

Sasa, hapa ndipo mwenye akili anapojitenga na wengine. Mtu wa kawaida angefunga kabureta na kwenda kulala. Mimi nikakumbuka alama! Mzee akikosa alama yake, nimekwisha. Nikachukua msumari wa zege na nyundo, nikagonga pale pale zilipokuwa: nukta tatu, zimekaa kama mafiga. Moja, mbili, tatu. Kumbukumbu yangu haijawahi kuniangusha. Nikapaka masizi kidogo ili zionekane za zamani. Hata aliyezigonga hawezi kuzikana.

Nikaenda kwa Mzee kuifunga, nikamkuta ametoka, bahati yangu. Pikipiki iliwaka teke la kwanza.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Mzee na mke wangu. Shemeji naye alikuja na gari lake, tangi limejaa, eti ikitokea dharura. Ana kimbelembele huyu!

Mzee alitoka na shati lake. Jeupe, mkunjo wa mkono umenyooka kama mstari wa ramani. Kabla ya kupanda alichuchumaa. Akatoa leso, akaifuta kabureta, akapitisha kidole gumba juu ya nukta. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kidole kikaendelea kidogo kupapasa, sijui kilikuwa kinatafuta nini. Akaitazama leso, ina masizi. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini, kwa adabu.

Akauliza kwa sauti ndogo kama hiyo ndiyo ile aliyonipa. Nikamwambia, "Baba, imeoshwa sana. Huenda ndiyo maana huitambui."

Akasema, "Hamna neno."

Maneno yaleyale niliyoyaogopa! Lakini akapanda, akapiga teke, ikanguruma safi bila kukohoa hata mara moja, na uso wa Mzee ukafunguka. Akatoka langoni mgongo umenyooka. Shemeji akaingia garini amfuate kwa nyuma, na kwenye kona ya kwanza tulimwona Mzee ameshampotea.

Mchana mke wangu alipokea simu. Mzee kafika! Wenzake wote walitoka nje kumtazama, na mmoja akaomba azungushwe uwanja mara moja. Wakazunguka mara tatu. Mke wangu alicheka hadi akaketi, na sikuwa nimemsikia akicheka wiki nzima. Nikamkumbusha kwamba hiyo ni kazi ya mumewe. Akasema anajua. Sikupenda alivyosema anajua.

Nilitoka nje kidogo. Sikulia. Ni kostiki iliyobaki kwenye glavu.

Jumapili, 15 Juni

Mke wangu amerudi kutoka kwa baba yake na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Akasema Mzee anashukuru sana, na anasema hii ni kwa ajili ya mashine yangu. Kisha akasimama mlangoni kunitazama nikifungua, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa na nini.

Ndani mlikuwa na mswaki. Mpya, mgumu, mweupe.

Mtu mwingine angeudhika. Mimi nilielewa mara moja. Mzee ni mpima, ana macho ya kuona mbali, kuliko hata binti yake. Ametambua kilichopungua kwenye mashine! Mswaki unafungwa kwenye mota, mota inazunguka, dawa inamwagika kutoka juu, mswaki unasugua chini. Mswaki unaojisugulia wenyewe! Yule wa ng'ambo atafunga karakana kabla ya mwezi kwisha, na watu wa benchi watahamia kwangu.

Mke wangu ameuliza sinki linafungwa lini. Wiki ijayo, bila shaka yoyote.

Kuhusu dawa, sitishiki. Mfuko wa kostiki bado una zaidi ya nusu. Kosa lilikuwa kipimo tu: niliweka nyingi na nikalala. Nikiweka nusu na nikakaa macho, mambo yatanyooka. Inatakiwa kitu chepesi cha kujaribia, cheupe, cha madini yaleyale ya kabureta. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta. Jikoni ipo sufuria moja kubwa iliyofunikwa, haina kazi hadi jioni.

Jambo moja tu limenisikitisha. Kwenye mpini wa mswaki Mzee ameweka alama yake, kwa msumari wa moto. Nimezihesabu mara mbili, nikazipeleka dirishani nikazihesabu tena. Nukta nne. Nne! Zimekaa kama pembe za kiwanja. Maskini Mzee, alama yake mwenyewe, ya maisha yake yote, na ameanza kuisahau. Umri haumwachi mtu.

Sitamwambia. Atafedheheka bure, na mimi ni mkwe. Nimechukua msasa nikaifuta moja taratibu, zimebaki tatu, kama inavyotakiwa. Hamna neno.